Kiongozi wa Ngazi za Dharura

Al Rayyan, Doha
17 Novemba 2024

Shikamoo dada Damaris,

Haya, nimeandika. Ulisema kwenye simu kila ukiniuliza swali la maana mtandao unakatika, na kuanzia sasa unataka majibu kwenye karatasi, yenye tarehe na sahihi, kama mahakamani. Nimenunua daftari na kalamu mbili. Usicheke mwandiko, unajua shule mimi niliishia pale ilipoanza kuwa ngumu. Barua nampa binamu Tiffany, hoteli yao imempa likizo ya Krismasi. Nimemwambia asiifungue. Ataifungua.

Hapa tuko salama. Joto limepungua, sasa mtu anagusa mlango wa gari bila kusali kwanza. Bado ni mlinzi kwenye lile jengo la The Pearl, ghorofa ishirini na mbili, nakaa kwenye kiti kinachozunguka nawafungulia watu mlango unaojifungua wenyewe. Chumbani tuko sita: mimi, Haji wa Unguja ambaye ni dereva, Bishnu wa Nepal tunayelinda naye zamu moja, na Wakenya watatu ambao kazi yao ni kubishana. Siku za mapumziko nanyoa watu nywele, nauza maandazi, nauza laini za simu. Umaskini ukija kunitafuta utaambiwa nimetoka.

Mama mguu vipi? Ng'ombe amezaa? Kahawa mmevuna au mmeangaliana tu?

Sasa dada, nina maswali mawili matatu, ya kupitisha muda. Hivi mgeni akianza kuumwa mlima, wewe unamjuaje kabla hajaanguka? Na mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mwanamke, mnene kidogo lakini mcheshi, anatakiwa anywe maji kiasi gani kwa siku akiwa anapanda? Naulizia tu.

La mwisho. Nipigie picha cheti chako cha uongozi wa mlima unitumie. Mbele na nyuma. Wenzangu wametundika ukutani wachezaji mpira, mimi nataka kumtundika dada yangu.

Mdogo wako mtiifu,
Owen


Marangu
29 Desemba 2024

Owen,

Marahaba. Tiffany amefika salama. Barua ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya kope za bandia.

Krismasi ilikuwa nzuri. Mama uvimbe umepungua, anatembea mpaka mgomba wa tatu na kurudi. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo hatukushangilia sana. Mimi nilishuka mlimani tarehe ishirini na mbili na Wajerumani wanane. Wote walifika, mmoja alilia, hakutaka tumwone.

Sasa wewe. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara inanuka zaidi. Hakuna mtu anayetundika ukutani cheti cha dada yake, mbele na nyuma. Nyuma ya cheti kuna muhuri na namba. Ukuta unataka namba ya nini?

Na huyo mama wa miaka hamsini na mbili, mcheshi. Ana jina? Anapanda nini? Doha ni tambarare kama meza. Mtu anayeishi juu ya meza haulizi habari za kuumwa mlima.

Halafu Tiffany ameniambia kitu bila kujua ameniambia. Kwamba siku zako za mapumziko unawapandisha watu ngazi za dharura za lile jengo, toka chini mpaka ghorofa ya ishirini na mbili, wamebeba mabegi yaliyojaa chupa za maji. Kwa nini?

Nakukumbusha mambo mawili. Kwanza, mlimani umeingia mara moja, mwaka 2016, nilipokuombea kazi ya upagazi. Ulifika kibanda cha kwanza, Mandara, ukasema umepata msiba. Nani alikufa, Owen? Mpaka leo tunasubiri jina.

Pili, mwezi wa tano naitwa ofisini Moshi kuhojiwa, wanatafuta kiongozi mkuu. Miaka kumi na moja nimetembea nyuma ya wageni naangalia visigino vyao. Ofisi yetu haijawahi kumpa mwanamke nafasi hiyo. Wengine wana kihamba, shamba la ukoo, wengine wana mume. Mimi nina kile cheti na jina safi. Vikipata doa nimekwisha.

Picha situmi. Na maswali yako nitayajibu ukishajibu ya kwangu: nani anapanda, wapi, na nani anamwongoza.

Damaris


Al Rayyan, Doha
2 Februari 2025

Shikamoo dada,

Barua yako nimeipata. Kumbe bahasha uliishona kwa sindano na uzi. Tiffany alinipa huku amenuna kabisa, nikajua hapa hakuna masihara.

Hongera ya ng'ombe, hata kama ni dume. Hata mimi nilizaliwa dume na mlinivumilia. Hapa hali ya hewa nzuri, watu wanakaa nje, Haji bosi wake amenunua gari jipya na amekatazwa kuvaa mkanda wenye bizimu la chuma asije akakwaruza kiti. Sasa suruali anaishika kwa mkono mmoja, usukani kwa mwingine.

Haya, ukweli wote. Nepal. Usishtuke. Ni matembezi ya siku nne, njia ya wanaoanza, inapita vijijini kwa watu. Bishnu kwao ni huko. Tumeunganisha likizo na Iddi, tunaondoka mwisho wa mwezi wa tatu. Watu watano: mimi, Bishnu, Haji, Levis ambaye ni mmoja wa wale Wakenya, na Scovia. Scovia ndiye huyo mama uliyemuulizia. Mganda, analea watoto wa familia moja kule Al Thumama, chini ya njia ya ndege. Miaka tisa anaangalia ndege zinampita juu ya kichwa, na amesema kabla hajarudi kwao lazima aone theluji kwa macho yake, hata kwa mbali.

Dada, huo si mlima kama wetu. Ni ngazi za mawe zinatoka kijiji hadi kijiji, bibi wa huko wanazipanda na mizigo ya kuni. Kila ukitembea saa moja unakuta nyumba ya wageni, chai ipo, wali na dengu upo, blanketi lipo. Juu kabisa tutakapolala ni sawa na Mandara. Hata kuku wanafika. Haji anakwenda, na Haji kitu kirefu alichopanda maishani ni kitanda chake cha juu hapa chumbani.

Anayeongoza ni mjomba wa Bishnu, ana kibali cha huko, na amezaliwa kwenye njia hiyohiyo. Mimi nafuata tu. Zile ngazi za dharura ni mazoezi, maana kilima kirefu cha Doha ni tuta la barabarani.

Cheti nilishakisahau. Ungeniuliza ningesema cheti gani.

Kwa hiyo nijibu kwa roho safi. Hasa lile swali la kumjua mtu kabla hajaanguka.

Mdogo wako asiye na siri,
Owen


Marangu
9 Machi 2025

Owen,

Barua hii haina salamu. Mama naye hakusalimii, kwa sababu nimemnunia na hajui aelekee wapi.

Tiffany amenitumia tangazo lako kwenye simu. Lina picha ya mlima ambao si wa Nepal wala wa kwetu. Limeandikwa TWENDE HIMALAYA NA KIONGOZI MWENYE CHETI KUTOKA KILIMANJARO, OWEN D. MLAY, KILELENI MARA AROBAINI NA MOJA. Chini yake cheti changu. Uso wangu umeufunika na wako, umevaa miwani ya jua. Namba ni yangu. Muhuri ni wangu. Hiyo D ni mimi.

Nilimuuliza mama. Akasema wewe ulimpigia ukamwambia nimekubali ila nina aibu, basi akamwita jirani apige picha. Kumbe ndiyo maana tangu Januari alikuwa anaimba jikoni. Nilijua kuna kitu.

Mara arobaini na moja ni hesabu yangu. Kila moja naikumbuka kwa miguu.

Futa hilo tangazo leo. Waambie hao watu wewe si kiongozi. Wakitaka kwenda na mjomba wa Bishnu waende, lakini wajue. Mtu anayejua hana kiongozi wa pili anajichunga. Anayedhani anaye, anamwachia kichwa chake akibebe. Na akianguka mtu hata mmoja huko, namba itakayosomwa ni yangu.

Najua hutawaambia. Basi shika haya, na sikupi kwa ajili yako, ni kwa ajili ya yule mama. Usimwamini mtu anayesema niko fiti. Kazi yetu ni kutoamini. Asubuhi na jioni muulize kila mmoja amekula nini, amelalaje, amekojoa mara ngapi, kichwa kikoje. Ukishauliza, usisikilize jibu, mwangalie. Aliyekuwa kimya akawa mcheshi ghafla, ndiye huyo. Aliyekuwa mcheshi akazidisha, ndiye huyo. Anayesukuma sahani kidogo kidogo mpaka ifike katikati ya meza, ndiye huyo. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kiguse kidole. Akiyumba anashuka, wakati uleule, hata kama kilele kiko hapo mlangoni. Habembelezwi.

Na utembee nyuma. Wa mbele anaangalia mlima, wa nyuma anaangalia watu.

Damaris


Al Rayyan, Doha
20 Aprili 2025, Jumapili ya Pasaka

Shikamoo dada,

Tumerudi wote watano. Nimeanza na hilo kwa sababu najua barua zangu unazisoma kama polisi, unatafuta maiti kwanza. Heri ya Pasaka kwako, kwa mama, na kwa ng'ombe dume.

Dada, wale watu walijenga ngazi kama waliokuwa wanakomoana. Mawe, mawe, mawe, mpaka unamkuta bibi anaanika mahindi mlangoni, unadhani umefika, anakuonyesha juu kwa kidole na kuendelea na mahindi yake. Nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, wanashuka wamebeba mitungi ya gesi, kengele shingoni. Ukiwasikia unasimama upande wa mlima, si upande wa bonde. Mjomba alitufundisha hilo kwa kumvuta Haji kola. Njia nzima nilitembea nyuma, kama ulivyosema.

Siku ya pili ni msitu, miti mikubwa imejaa maua mekundu huwezi kuona jani. Scovia akaokota moja akalichomeka kwenye kilemba, akasema sasa yeye ni bibi harusi, Haji atafute mahari. Haji akasema mahari ni mtu ambebe yeye kwanza.

Maswali yako niliwauliza asubuhi na jioni, na ule mtihani wa mstari nikawafanyisha. Walinichukia. Haji alisema hata mama yake mzazi hajawahi kumuuliza mambo ya kukojoa mara mbili kwa siku. Levis alianza kunipa ripoti kabla sijafungua mdomo.

Alasiri ya siku hiyo ya pili tukafika kijiji cha juu, kile cha sawa na Mandara. Tukakaa kuzunguka jiko la kuni. Hapo kichwa kikaanza kunigonga. Mimi, dada, si Scovia. Nikanyamaza. Kiongozi wa mara arobaini na moja ataumwaje kichwa kwenye kijiji chenye kuku? Nikaanza kuchekesha watu. Nikamwigiza bosi wa Haji anavyokagua viti vya gari, wakacheka mpaka mwenye nyumba akaja kuchungulia. Scovia peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia sahani yangu.

Akasema, "Owen, simama. Tembea juu ya huo ubao wa sakafu. Kisigino kwenye kidole."

Nikaenda nusu, nikashika ukuta.

Basi hapo nikafanya ulichotaka. Nilipanda juu ya benchi mbele ya wote, na Wafaransa waliokuwepo, nikasema kwa sauti: mimi si kiongozi. Cheti si changu. Ni cha dada yangu Damaris wa Marangu, na mimi nimemwibia jina. Nilitoa lile tangazo kwa sababu Scovia alikuwa anasita, nikaona akikuta muhuri atatulia, na kiongozi anakwenda bure, wengine wanamlipia. Kukawa kimya, unasikia kuni tu. Haji akafuta machozi. Mjomba akanipa mkono.

Halafu Bishnu akanishusha kabla giza halijaingia, saa nzima mpaka kijiji cha chini, na kichwa kikaachia kama mtu aliyezima redio. Wengine walibaki. Kesho yake Scovia akaiona theluji, mlima mzima mweupe, na akapiga picha moja tu, ya kidole chake kinauonyesha.

Tangazo nimelifuta. Kila mtu anajua. Nenda Moshi kifua mbele.

Mdogo wako aliyetubu,
Owen


Marangu
15 Juni 2025

Mdogo wangu Owen,

Hapa baridi imeanza, mama anavaa sweta mbili na bado anasema ni upepo tu. Nimeacha kumnunia. Lile dume limeota pembe na linatuona sisi ndio wageni.

Nakuambia yaliyotokea, moja baada ya jingine.

Tarehe ishirini na moja Mei niliitwa. Walikaa watatu, katikati Mzee Athanas, mwenyekiti. Hakuniuliza hata swali moja la mlima. Aliweka simu yake mezani, nikaona tangazo lako. Ana mtoto wa kaka yake huko Doha, alimtumia kabla hujalifuta.

"Hii namba ya nani?" akasema.

Nikafungua mkoba, nikatoa barua yako ya Pasaka, nikawasomea. Nilipofika ulipopanda benchi sauti ilinikatika kidogo. Mzee Athanas akasema, "Ndugu anayekiri mbele za watu ana mtu nyumbani aliyemfundisha." Wakanipa. Akaliandika jina langu kwa wino kwenye orodha ya viongozi wakuu.

Sikukuandikia. Ungetakiwa uulize kwa nini, lakini hukuuliza.

Ni lile benchi. Mtu ambaye mlima umemwingia kichwani anaweza kushika ukuta, hilo niliamini. Lakini aliyeshindwa kumaliza ubao mmoja wa sakafu hapandi juu ya benchi kuwahutubia Wafaransa. Hilo nililijua nikiwa nawasomea, Owen. Macho yalifika kwenye neno, nikalijua, na mdomo ukaendelea. Nilikuwa naitaka sana ile nafasi.

Nimepanda mara moja nikiwa mkuu. Njia nzima nilikuwa naangalia visigino vyangu mwenyewe.

Niliposhuka nikamwomba Tiffany namba ya Scovia. Nikajifanya nampigia kumshukuru. Ana sauti ya mtu aliyelea watoto wengi wa wenzake. Nikamuuliza, mdogo wangu alipokiri pale juu ya benchi, mlimjibu nini?

Akaniheshimu kwa Kiganda, akasema, "Benchi gani, nnyabo? Owen alikuwa amelala chini, blanketi mpaka puani. Hakusema kitu."

Nikamuuliza kama mpaka leo wanadhani wewe ni kiongozi.

Akacheka. "Sisi tulijua siku ya kwanza asubuhi. Tukakubaliana tusimwaibishe. Na maswali yake yalikuwa mazuri."

Kwa hiyo juzi nilishuka Moshi bila kuitwa. Nikawaambia barua niliyowasomea ina uongo, na kwamba wakati naisoma nilishaunusa nikaumeza. Mzee Athanas akaniuliza nani amenikamata. Nikasema hakuna mtu. Akachukua kalamu, akalikata jina langu, na pembeni akaliandika upya kwa penseli. Akasema mpaka Oktoba watanitazama.

Sasa mimi ni wa penseli.

Usiniombe radhi, unaomba vizuri mno. Scovia hakutaka kuniambia walijuaje siku ya kwanza, alisema hilo nikuulize wewe. Nakuuliza. Andika hilo peke yake. Usimweke mjomba, usiweke Wafaransa, usimwigize mtu.

Damaris


Al Rayyan, Doha
11 Julai 2025

Shikamoo dada,

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tulikuwa hatujatembea hata nusu saa. Ngazi kama ya mia sita hivi miguu ilikataa. Nikakaa chini, nikawaambia watangulie, mimi nafunga kamba za viatu.

Scovia aliniangalia miguuni. Akawaita wote warudi wakae, akasema yeye ndiye aliyechoka.

Nilikuwa nimevaa vile viatu vya kazini, vya kutumbukiza. Havina kamba.

Owen